Mwanagenzi Mwenye Mvi

Asubuhi za Januari, duka la vifaa vya umeme mjini Bismarck hujaa mafundi kama kuna cha bure, na kweli kipo: kahawa na donati pale kaunta. Renae Wetzstein alinyoosha mkono kuchukua donati ya mwisho ya chokoleti, mkono mwingine ukamtangulia.

"Aa-aa! Wewe bwana, rudisha hiyo!"

"Bado tu unapenda chokoleti, Ren?"

Moyo ulimlipuka paa. Aliyekuwa akimwita Ren ni mmoja tu, na huyo aliihama Dakota Kaskazini miaka ishirini na miwili iliyopita bila hata kuaga vizuri. Corey Brandvold! Koti la kazi la kahawia, kofia ya manyoya, mvi kando ya masikio, na macho yale yale ya bluu, yaani ya kumtia mtu wazimu.

"Si uko Montana wewe?"

"Nimekuja kumwona Mama. Swichi ya jikoni kwake imekufa."

"Fundi mzima unakuja kwa ajili ya swichi moja?"

"Na donati."

Mchana walikula supu ya knefla, ile ya viazi na vidonge vya unga, wakacheka hadi watu wakageuka. Walikumbuka walivyokuwa wanagenzi wa umeme pamoja, wakitambaa chini ya nyumba za watu huku Renae akishika tochi. Walimkumbuka msimamizi wao aliyekuwa akibweka kutwa: "Pimeni mara tatu!" Kwanza waya unaojua una umeme, kisha ule unaotaka kuugusa, kisha urudi kwa ule wa kwanza, usije ukauawa na tesita mbovu.

Corey alimshika mkono. Renae akamwangalia. "Umepima?"

"Sina haja. Naona cheche."

Simu zikaanza. Kila jioni, Corey akiwa Billings kule Montana, Renae akiwa jikoni na soksi nene za sufu.

"Nahamishia huko leseni yangu ya umeme, mpenzi. Majimbo yetu yanaelewana, ni makaratasi tu."

"Kweli, Corey?"

"Kweli tupu. Nitafutie pa kuweka zana."

Renae alimwachia nusu nzima ya gereji. Theluji ikayeyuka, nyasi zikaota, leseni kimya.

"Wiki ijayo, mpenzi."

"Ulisema hivyo mwezi wa tatu. Una mwanamke huko, sema tu!"

"Sina, Ren. Naapa."

"Basi ni nini?"

Corey alinyamaza. Ukweli ulikuwa umemkwama tangu ujana, na haukutoka.

"Ndivyo ulivyonyamaza mwaka ule ulipohama," Renae akasema, akakata simu. Tangu hapo hakuipokea tena. Alilia, tena kwa hasira, maana kuachwa mara mbili na mwanaume yule yule ni aibu ya peke yake.

Hasira hizo hizo ndizo zilizompigisha simu ofisi ya leseni. Alitaka kujua tu, hayo makaratasi ni mlima gani?

"Si kazi," mama wa ofisini akamwambia. "Mradi awe alipata leseni yake kwa mtihani, na asiwe amewahi kufeli mtihani wa kwetu. Aliyefeli huku hahamishiwi, anaufanya upya. Lakini huyo wako fundi wa siku nyingi, hilo halimhusu, siyo?"

Renae alikaa chini. Aliiona tena siku ile ya majibu ya mtihani: yeye amepasi, Corey akasema naye amepasi, Renae akaoka kucheni, ile keki ya plamu, ya kusherehekea. Wiki hiyo hiyo Corey akapata eti kazi nono Montana.

"Mjinga wee," alisema peke yake. "Mjinga wangu wee."

Aliendesha gari siku nzima hadi Billings. Alimkuta Corey gerejini kwake, kitabu cha kanuni za umeme mbele yake, kimejaa vibandiko vya rangi, miwani imeshuka puani.

"Ulifeli," Renae alisema.

Corey alivua miwani. "Ulikuwa umeoka kucheni, Ren. Ningeanzia wapi?"

"Ungesema nimefeli, nikukatie kipande kikubwa! Miaka yote nilidhani hukunipenda!"

"Nimejiandikisha tena kwa mtihani wa kwenu mara mbili. Mara zote nimegeuza gari mpakani. Nikifeli na uzee huu je?"

"Mimi ni fundi mkuu. Utafanya kazi chini ya leseni yangu, mwanagenzi. Utabeba ngazi, utafagia, utashika tochi mpaka upasi."

"Na mvi hizi? Vijana wako watanicheka."

"Watacheka sana. Na mimi nitawaongoza."

Corey alitazama ukutani ilikotundikwa leseni yake ya Montana, imefunikwa kioo. Alikuwa mtu mwenye jina mjini pale. Akaishusha, akailaza kifudifudi juu ya meza.

"Ngoja kwanza," Renae akasema. "Napima. Unanipenda?"

"Nakupenda."

"Mtihani?"

Corey aliinamisha kichwa. Neno hilo hakuwahi kumtamkia mtu.

"Nilifeli."

"Unanipenda?"

"Nakupenda, Ren. Nioe wewe basi, yaishe."

Renae alijifuta macho kwa mkono wa sweta.

"Haya, mwanagenzi. Pakia ngazi twende nyumbani."