Nyuzi Alizoacha Shangazi

Mtaani kwetu kitu cha kale hakiuzwi mpaka nikinuse mimi. Shule sikwenda, lakini profesa mzima alishanipigia magoti nimwambie kinubi chake kina umri gani. Ndiyo maana mdogo wangu, fundi redio, aliniita kwake asubuhi ile nikauone urithi wa shangazi yetu. Mkewe alikuwa jikoni, anachemsha chai.

Urithi wenyewe aliachiwa huyo mkewe. Hapo tu mtu angeshtuka. Shangazi alimchukia yule mwanamke mpaka maji aliyotekewa naye aliyamwaga. Leo amuachie zawadi?

Kilikuwa kisanduku bapa cha mbao, tundu katikati, nyuzi za chuma nyingi kama nywele za jini. Zote zimelegea. Ubavuni umefungwa ufunguo wa kukazia.

Nikakigeuza, nikachungulia tunduni, nikagonga mgongo.

"Si gitaa, si kinubi. Hiki unakilaza mezani, unapiga kwa vidole. Viwanda vilivitoa kama vibiriti. Bei yake kuku wawili, na mmoja awe mgonjwa."

Shemeji akacheka huko jikoni. "Jamani shemeji! Mwenzio nilishanunua gari kichwani!"

Mdogo wangu hakucheka. "Shangazi alisema tukitaka kukiuza, tukikaze kwanza. Kikilia vizuri, kaka, bei inapanda."

Akakaza uzi wa kwanza. Shemeji akakohoa.

Wa pili. Kikombe kikavunjika.

Wa tatu. Tukasikia kucha zinakwaruza ukuta.

Nikaruka hadi jikoni. Shemeji kashika shingo, macho yamemtoka. Hakuna aliyemkaba. Ngozi tu imebonyea yenyewe, mistari mitatu, myembamba.

"Legezeni," akanong'ona.

"Legeza!" nikapiga kelele.

"Ufunguo haurudi nyuma, kaka!"

Mdogo wangu akachukua koleo. Akazikata zote tatu.

Shemeji akaanguka. Hakuinuka.

Tulimzika shingo imefunikwa kitambaa. Shangazi huko aliko ameshiba. Mdogo wangu hanisalimii tena. Anasema mjuzi gani huyu, anajua bei ya kitu, hajui kazi yake.

Kisanduku kiko kwangu. Hata kwa huyo kuku mgonjwa hakina mteja.

Jana mchana nikakifuta vumbi. Nyuzi tatu zimerudi. Nzima. Zimekazwa.

Kitambaa cha vumbi kikapita juu ya uzi wa kwanza.

Ukakohoa kwa sauti ya shemeji.