Maikrofoni ya Tisa

Asubuhi hiyo shemeji alitoka nyumbani kama kawaida. Binti yake wa miaka minne alimsukuma mlangoni kwa mikono miwili: "Nenda, utachelewa!" Nilikuwepo. Nilikuwa nimemtembelea dada yangu.

Shemeji ni mkaguzi kwenye karakana ya maikrofoni za valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani kama vya redio za zamani. Huketi katika chumba kilichozibwa sauti, amevaa hedifoni, akisikiliza kila maikrofoni kabla haijauzwa. Ikikwaruza, inarudi kwa fundi.

Valvu mpya zilikuwa zimeadimika. Tajiri alinunua za mitumba, zilizong'olewa kwenye mashine za hospitali iliyobomolewa. Kwa valvu za namna hiyo mafundi wana mwiko: ziwashwe siku mbili, mtu asizisikilize. "Zimalize ya kwao kwanza," husema. Lakini mzigo ulitakiwa jioni ileile. Shemeji akasikiliza.

Nane zilikuwa safi. Ya tisa ilikuwa na pumzi.

"Hilo tumbo lako lenye njaa linanguruma," alisema Lehemu, fundi wa kuchomea nyaya, alipoambiwa.

Shemeji akabana pumzi zake. Ile ikaendelea. Fupi, nyepesi, ya mtoto.

Akaizima.

Simu yake ikaita. Ni dada yangu. "Mume wangu, mtoto hapumui! Alikuwa anacheza tu!"

Mimi ndiye niliyempakata. Midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

Kule karakanani Lehemu, asiyejua kitu, alitaka kujisikilizia. Akawasha. Mtoto akavuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini.

"Mmemfanya nini?" shemeji aliuliza.

"Hatujamfanya kitu," dada akajibu.

Simuni nilimsikia shemeji akinong'ona. "Lehemu. Zima tena. Mara moja."

Kilio cha mtoto kikakatika katikati.

"Washa! Washa, ndugu yangu!"

Haikuzimwa tena. Shemeji aliileta nyumbani ikiwaka, akaiunganisha na betri mbili kwa hofu ya umeme kukatika. Madaktari hawakuona ugonjwa. Lakini valvu huchakaa, na kuibadilisha ni lazima uing'oe kwanza. Nani angethubutu? Mwezi wa saba tangu siku ile, mvumo wa valvu iliyochoka ukaanza kuifunika pumzi. Shemeji aliacha kazi. Aliacha kitanda, akakesha akiisikiliza.

"Nishikie zamu," aliniomba, "ninawe uso tu."

Ilikuwa Jumanne, saa nane mchana. Zamu yangu. Nikasikia mlio mdogo. Utambi wa valvu, ule uzi unaowaka ndani, ulikuwa umekatika.

Tulikimbilia uani. Mtoto alikuwa anaruka kamba. Akatuuliza mbona tunalia.

Dada alimkumbatia. Kisha mikono yake ikaganda mgongoni mwa mtoto. Mgongo haukupanda wala kushuka. Nikaweka kiganja puani pa mtoto. Nikangoja. Nikangoja tena.

"Mjomba, unaniumiza," akasema.

Sasa ana miaka sita. Anakula, anasoma, anagombana na wenzake. Hatujamwambia mtu.

Valvu ile niliing'oa. Iko kwenye droo yangu, haijaunganishwa na chochote. Ndani ya kioo cha valvu hakuna hewa. Hufyonzwa yote kiwandani.

Kila asubuhi nakikuta kina ukungu. Kwa ndani.