Jiwe Anapopoteza

Siku ile studio ya picha ilijaa mpaka watu wakakalia ngazi. Vitambulisho vipya vilikuwa vimetangazwa, na kila mwenye uso alitaka upigwe picha kabla ya adhuhuri. Mpiga picha alikuwa na sharti moja tu: ukicheka, rudi nyuma ya foleni.

Mwanamke mmoja mwenye shati jeupe, kola imesimama kama askari, alikuwa amesharudishwa. Mbele yake alikuwepo mwanamume mrefu mwenye koti la kijivu. Akakaa, taa ikamulika, kwisha. Hata kope haikusogea.

"Kaka," mwanamke akamwambia, "ndivyo ulivyo, au kuna msiba?"

"Ndivyo nilivyo."

"Sasa mama yako alijuaje ukiwa na njaa?"

"Nilikuwa nalia. Nimeacha ukubwani."

Mwanamke akacheka, akarudishwa tena. Mwanamume akamsubiri nje. Nami nasema, anayesubiri foleni isiyo yake ameshapenda, hata uso wake ukikana.

Marafiki walimwita Jiwe. Kazi yake ilikuwa kucheza poka, mchezo wa karata ambao kila mtu huficha alichoshika, na mwenye uso wa kusema hurudi kwao kwa miguu. Alicheza mchana katika klabu ya karata, akalala mapema, pombe hakugusa. Yule mwanamke alifundisha watu kuendesha magari. Wanafunzi walimwita Mwalimu, na Jiwe akaona jina linamfaa.

"Mwalimu wangu, umekula?" alikuwa akimpigia simu.

"Nimekula hofu tu. Mama mmoja kaingiza gari kwenye duka la magodoro."

"Kaumia?"

"Aumie wapi, na magodoro yote yale? Wewe je, roho yangu, umeshinda?"

"Kidogo."

"Kidogo cha kuninunulia viatu?"

"Cha kiatu kimoja."

"Basi nunua cha kulia. Ndicho cha breki."

Mama mdogo aliyemlea Mwalimu hakupendezwa. "Mcheza kamari ni mcheza kamari, hata akinyoa ndevu," alisema. Hata hivyo akakubali Jiwe aje Jumapili moja, miezi mitatu mbele, ajitambulishe.

Hapo ndipo karata zilipomgeuka. Wiki, kisha mwezi, kisha mwingine. Msidhani alicheza ovyo. Kupoteza katika kazi ile ni kama mvua kwa mwanika nguo: hukuikaribisha, lakini inakuja. Jiwe alishuka kwenye meza ndogo, hasara isimle mzima. Alikaa na Kobe, rafiki yake wa kazini, wakazipitia karata walizocheza, wakitafuta palipo na kosa na palipo na bahati mbaya tu. Akiwashwa kuikimbiza hasara, alivaa raba akaenda kutembea. Yote aliyafanya sawasawa. Alikosea mahali pamoja tu: uso wa mezani alikwenda nao kwa mpenzi wake.

"Umeshinda leo?"

"Sawa tu."

"Sawa ni jibu la mwanafunzi asiyejua breki iko wapi. Una nini, mpenzi?"

"Sina kitu."

Hapo hakudanganya sana. Ijumaa, Jumapili ile ikiwa imebaki siku mbili, Jiwe akapiga tena simu.

"Jumapili tuiache."

"Tuiahirishe?"

"Tuiache."

"Yupo mwingine?"

"Lala salama," Jiwe akajibu. Mwalimu akakata.

Sasa sikilizeni akili ya wanaume. Mcheza poka akiona karata mbovu huzitupa mapema, hasara ikiwa bado ndogo. Jiwe alijitazama, akaona yeye ndiye karata mbovu mkononi mwa yule mwanamke, akajitupa kwa niaba yake. Hesabu nzuri. Ila mwenye mkono hakuulizwa.

"Si nilisema?" mama mdogo akasema.

"Mama mdogo, umesema mengi. Hata kwamba baba mdogo atarudi."

Kobe ndiye aliyemfungua Jiwe macho. "Hii ya Mwalimu nayo tuipitie," alisema. "Alikuwa ameshika nini?"

"Sijui."

"Ulimwuliza?"

"Sikumwuliza."

"Basi hapa bahati haimo. Umecheza vibaya."

Jumanne asubuhi Jiwe akaenda shule ya udereva, akalipia somo. Mwalimu alivaa blauzi ya buluu, midomo myekundu, rangi iliyopakwa ili imwumize yeyote atakayepita. Mkubwa wake alikuwa mlangoni, kwa hiyo hakuweza kukataa mwanafunzi.

"Mkanda," akasema.

"Mwalimu, nataka…"

"Vioo. Klachi. Sema huku unaendesha."

Gari likaruka kama mbuzi, likazimika. Akaliwasha upya.

"Hakuna mwingine. Ninapoteza, tangu tupange ile Jumapili. Nimeshuka mpaka meza za wanaojifunza."

"Unakopa?"

"Sikopi. Nakula, nalala. Ndiyo kazi ilivyo, na itakuwa hivi tena. Nikaona nisikubebeshe."

Mwalimu akakanyaga breki ya upande wake. Magari ya nyuma yakapiga honi.

"Mwanafunzi wangu akigonga, simfukuzi. Namrudisha uwanjani tuanze taratibu. Hilo nalijua. Nisilolijua ni mtu anayegonga halafu ananiambia barabara ni nzuri."

"Niliogopa."

"Uso wako haukusema."

"Ndiyo kazi yake."

"Kazi yake iishie klabuni. Mimi sikucheza nawe."

Jiwe kidevu kikaanza kumtetemeka, macho yakajaa machozi. Mwalimu akamwangalia kwa raha kabisa, mwanamke mbaya yule, kisha akampa kitambaa cha kufutia vioo, maana kingine hakikuwepo.

"Jumapili bado ipo?" Jiwe akauliza.

"Huja kila wiki. Ila mama mdogo utamweleza wewe, yote."

"Atanifukuza."

"Atakufukuza. Halafu utarudi."

Akafukuzwa kweli. Akarudi, akafukuzwa kwa upole zaidi. Safari iliyofuata akavutiwa kiti.

Mnaotaka kusikia kwamba mapenzi yalimletea karata nzuri, habari hiyo sina. Kesho yake tu alipiga simu akiwa kwenye ngazi za klabu, watu wakimpita.

"Mwalimu wangu, nimepoteza tena."

"Ulikosea?"

"Hapana. Tumepitia na Kobe. Nilicheza vizuri, nikapoteza."

"Pole, baba. Unajisikiaje?"

Jiwe akafikiri kwanza. Swali hilo alikuwa bado mgeni nalo.

"Vibaya," akasema. "Vibaya sana, mke wangu."

Neno hilo la mke lilikuwa halijatamkwa bado kati yao.

"Basi njoo hivyohivyo," Mwalimu akasema, "uniambie vizuri hilo la mwisho."