Mvua ya Mwezi wa Saba

Saa tano na dakika nane.

Chadia aliikimbiza TVS yake kwenye barabara ya Kasapa kana kwamba pikipiki ilikuwa imemkosea. Redio sikioni ilikwaruza tu. Jasusi hodari wa idara nzima, na leo hakuwa na hata mtu mmoja wa kumwita.

Kaka yake Idrissa, mkaguzi wa forodha, alikuwa siku ya tatu mikononi mwa wafanya magendo. Walitaka asaini karatasi za kontena tisa za madini ya wizi. Aligoma. Alfajiri wakatuma sauti yake kwa simu ya Chadia: asiposaini hadi saa sita mchana, wanammaliza. Nyuma ya sauti hiyo mvua ilinyesha, vyura walilia, fisi akacheka.

Bosi wa Chadia, Constantin, alisikia pori. Akapakia vikosi vyote kwenye Land Cruiser kuelekea ng'ambo ya Likasi, na sasa alikuwa mahali pasipo na mtandao. Constantin ni mtu wa Kisangani. Kwao mvua ya Julai ni jambo la kawaida.

Katanga, mwezi wa saba hakuna mvua.

Chadia alilikumbuka hilo akiwa amechelewa, na alijilaani njia nzima. Sauti ile ilitengenezwa. Na wanyama wa kutengenezwa mjini hapa walikuwa na fundi mmoja: Guelor wa Kasapa, aliyewapa makanisa simba wa Danieli na njiwa wa Nuhu kwa maigizo yao.

Guelor alivaa visikizio. Akaisikiliza sauti ile mara moja, uso ukamshuka.

"Ile fisi njo miye," alisema. "Nililia na kinywa yangu, nikashusha sauti mu FL Studio, mu kompyuta. Na mvua, ile iko samaki ya mama mu mafuta ya moto."

Nani alinunua? Wanaume wa Prado nyeupe, akaeleza, waliosema ni kwa ajili ya filamu. Walimpeleka hadi mtaa wa Makomeno, hapo hapo mjini, nyumba yenye geti la bluu, akawafungia spika chumba cha nyuma. Akaanza kuapa kwamba hakujua. Chadia hakuwa na muda wa kumbembeleza. Alimwambia abebe kompyuta na spika zake mbili za JBL, apande.

Saa tano na dakika arobaini na nne.

Kupitia ufa wa geti alihesabu bunduki tatu uani. Yeye alikuwa na bastola yake tu, Glock yenye risasi saba. Akiingia kwa nguvu, Idrissa atakuwa wa kwanza kupigwa.

Alimwuliza Guelor kama ana mbwa kwenye kompyuta. Alikuwa naye mmoja, wa jirani, sekunde tatu tu.

"Mupatie benzake," alisema Chadia.

Guelor akazitega spika nyuma ya nyumba, akainama na kompyuta kando ya ukuta. Mbwa mmoja akamshusha sauti awe dume zito, mwingine akampandisha, wa tatu akamchelewesha kidogo. Kompyuta ikaganda.

Saa tano na hamsini na tatu.

Ikaganda tena. Machozi yalimtoka Chadia bila aibu. Alikuwa akipanga maneno ya kumwambia mama yao. Kisha ikaamka.

Mbwa kumi na wawili wa polisi wakabweka kwa pamoja nyuma ya nyumba.

Chadia alikuwa ameshakimbilia mbele geti lilipofunguka. Wale watatu wakatoka mbio na Prado. Chadia akapasua matairi mawili kwa risasi mbili. Gari likaingia mtaroni, milango ikabanwa na kuta zake, na mtaa mzima ukawazunguka na kuwanyang'anya bunduki. Chadia alikuwa ameshaingia ndani. Wa nne alisimama chumba cha nyuma, bastola kisogoni mwa Idrissa, kichwa akikigeuzia dirishani, kwenye sauti za mbwa.

Risasi moja ilitosha.

Karatasi mezani hazikuwa na saini. Idrissa, amefungwa macho, midomo imepasuka, alipoisikia sauti ya mdogo wake alinong'ona akiuliza amefikaje mbali kote huku porini. Chadia akazima spika zilizofungwa chumbani. Mvua ikakoma, na honi za teksi zikasikika barabarani.

"Yaya, uko Makomeno," alisema akimfungua kaka yake kamba. "Kwako iko avenue ya tatu kutoka hapa."



"Siku tatu sikupiga kelele hata mara moja," alisema Idrissa. "Nilisema, nani atanisikia huku? Fisi?"

Kisha akalia kama mtoto.

Simu ikaita. Constantin alikuwa amepata mtandao; porini alikuta kukavu, hakuna hata tone. Chadia alimwambia arudi, alete pingu tatu. Akaichomeka Glock kiunoni, akamshika kaka yake mkono, wakaenda nyumbani kwa miguu.