Kitabu Kilichotaka Kuazimwa

Mkutubi alipofungua chumba cha rejea asubuhi ile, alipokewa na harufu ya nywele zilizoungua. Akalaumu nyaya za umeme, akafungua madirisha, akashika ufagio. Juu ya meza kulikuwa na kitabu kinene cheusi ambacho alikuwa na hakika amekirudisha rafuni jana yake. Alipokiinua kilikuwa na joto, kama kiti ambacho mtu ametoka kukikalia.

Hakuwa na nafasi ya kushangaa. Chumba kile alikijenga mwenyewe, rafu kwa rafu: kamusi, atlasi, ensaiklopidia, vitabu vya sheria na vya maradhi. Hivyo si vitabu vya kusoma kitandani. Mtu huvijia na swali lake, akapata jibu, akaenda zake. Kimoja kikilala nyumbani kwa mtu, wengine wote wanaokuja na swali hilo wanarudi mikono mitupu. Ndiyo maana kila kimoja alikigonga muhuri mwekundu, HAKITOKI, na mlangoni akamweka mlinzi waliyemwita Komeo, mzee mcheshi aliyepekua mikoba ya watu kama anayetafuta chakula chake cha mchana.

Kile cheusi kilikuwa cha maradhi na dawa. Alikileta mjane wa mganga mmoja, akaacha namba yake ya simu na ombi moja tu: kiazimwe, kisikae. Mkutubi aliitikia huku akili yake iko nyumbani, kwenye gesi iliyokwisha na sare ya shule iliyolala ndani ya maji. Baadaye alikitazama, akaona ni kizuri mno kupelekwa kwa watu wa kukunja kurasa. Akakigonga muhuri, akakiweka rafuni.

Aliyeumia kwanza alikuwa mwalimu wa sayansi. Alichana ukurasa wa kitabu hicho, akauficha kwenye soksi, akamuaga Komeo kwa heshima zote. Mguu wenye ile soksi ulipovuka kizingiti, muundi ulikatika kwa mlio wa kuni kavu, na mfupa ukachomoza kwenye suruali. Akaanguka akiutazama tu. Walipokwisha kumpakia kwenye gari, mkutubi alirudi akakuta soksi tupu sakafuni na kitabu wazi mezani. Ukurasa ulikuwa mahali pake, umeshikamana na wenzake, na pembeni una damu mbichi.

Komeo hakucheka siku ile. Alisema kwa sauti ya chini kwamba amepekua watu mpaka nywele zimekuwa nyeupe, na hajawahi kuona kizingiti kikipekua.

Mkutubi alitaka kukifunga chumba. Lakini mitihani ya kidato cha nne ilikuwa imekaribia, na binti yake, mtoto pekee aliyemlea peke yake, alikuwa na meza yake mle ndani, kwani nyumbani hapakuwa na meza wala utulivu. Akajiambia mwalimu alijikwaa. Mtu aliyechoka hujiambia mengi.

Siku ya pili yake, mchana, mvua ilinyesha, na ndani mlikuwa na binti tu, mama yake yuko nje kwenye kaunta. Komeo alisema imetosha, kitabu kile anakwenda kukichoma nyuma ya choo. Akakikwapua, akatembea nacho hadi mlangoni. Pale kichwa chake kilivutwa nyuma kana kwamba kuna mtu amemshika masikio, kisha kikapigwa kwenye mwimo wa mlango, kikavutwa, kikapigwa tena, taratibu, bila haraka, kama mtu anayekung'uta zulia, huku mzee wa watu mikono yake ingali imekumbatia kitabu, na meno yakimdondoka kifuani, na ile harufu ya nywele ikijaa chumba kizima mpaka macho yakawaka. Kitabu kilipoanguka kwa ndani, yeye aliangukia nje. Aliishi, lakini hakutafuna tena kitu kigumu.

Binti alipiga kelele, akakimbilia kwa mama yake. Alipofika kizingitini akasimama ghafla. Damu ilimtoka puani, kisha masikioni. Mama alimshika mikono akamvuta kwa nguvu zake zote, na kadiri alivyovuta ndivyo kucha za mwanawe zilivyong'oka moja moja na kubaki viganjani mwake. Akamwachia. Binti akarudi nyuma, akaketi mezani pake, akafungua kitabu cheusi. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya mwanamume, ya upole, ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Humu hakitoki kitu," ilisema. "Si wewe uliyeandika?"

Watu waliokuja kumchukua Komeo waliambiwa ameteleza. Mkutubi alimpigia mjane simu, naye akaja na kanga iliyolowa, ila hakukanyaga ndani.

"Mwanangu, nilikuomba kiazimwe."

"Nilisahau, mama."

"Marehemu hakukilaza kwake hata mara moja," mjane alinong'ona. "Yule aliyemo ndani anataka kutembea. Akihama nyumba hadi nyumba, huvunja sahani, huua kuku, akaendelea na safari. Ukimfungia, anavunja watu, na akishaonja watu hatosheki upesi na kuku."

Akaeleza la kufanya. Muhuri ufutwe na mkono uliougonga. Kisha aje mtu asiyejua lolote, akiombe kwa kinywa chake, akichukue kwa mikono yake. Mpaka hapo binti hatavuka. Mkutubi aliuliza itakuwaje asipotokea mtu kabla ya usiku. Mjane alimtazama binti, akafumba macho, akaondoka mvuani.

Mkutubi aliingia na wembe. Kila alipoukwangua wekundu wa muhuri, mkato ulifunguka kwenye paji la uso la mwanawe, na mkutubi akaendelea kukwangua, akilia bila sauti, kwa sababu kuacha katikati kungekuwa kumkata bure, mpaka ukurasa ukawa mweupe na uso wa mtoto ukawa mwekundu. Kisha akakibeba kitabu. Safari hii kizingiti kilikaa kimya. Akakiweka kwenye kaunta ya kuazimia, akanawa mikono, akaketi.

Jioni ilikaribia. Akaingia mama kijana, ana mtoto mgongoni, mtoto anakohoa kikohozi kikavu cha kukwaruza. Alisema zahanati wamemrudisha mara ya pili, sasa anataka asome mwenyewe. Je, kuna kitabu chochote cha maradhi ya watoto?

Mkutubi aliviona viatu vya mtoto, vya kufumwa kwa mkono, kimoja kimefunguka kamba. Aliifunga ile kamba vizuri. Kupitia mlango ulio wazi, nyuma ya mgongo wa mgeni, alimwona binti yake, ameketi wima, anamtazama mgeni kwa macho yasiyopepesa.

"Hiki hapa," alisema.

"Mbona kina joto, dada?"

"Kilikuwa karibu na taa."

Mama kijana alishukuru, akakikumbatia kifuani ili mvua isikiguse. Mlangoni aligeuka kuuliza akirudishe lini.

"Usikirudishe," mkutubi alisema. "Ukimaliza, mpe mwenzio."

Mlango ulipofungwa, binti aliinama akatapika, akaita mama kwa sauti yake mwenyewe. Mkutubi alimfuta uso, akamfunga vidole kwa kitambaa, akamvusha kizingiti akiwa amemkumbatia. Hapakutokea kitu. Harufu ilikuwa imekwisha kabisa.

Walitoka nje. Mbele yao, mvuani, kikohozi kikavu cha mtoto kilikuwa kikienda mbali, kikienda mbali, kisha kikakatika ghafla, na mwanamke akaanza kuita jina.

Binti alisimama. "Mama, yule..."

"Tembea," mama yake alisema, akamshika mkono usiojeruhiwa sana, wakakata kona ya upande wa pili.