Ushauri wa Adhiambo

Kila Jumamosi asubuhi Amondi alimsuka mdogo wake, Adhiambo, nywele za shule. Adhiambo aliketi kwenye kigoda mbele ya dada yake, chini ya taa iliyowaka mchana kutwa, kwa maana majumba ya mtaa wao wa Kware yamebanana hata jua halifiki dirishani.

"Tulia! Unajinyonganyonga kama mbuzi wa machinjioni Kiamaiko," Amondi alisema.

Mara simu ikalia. Amondi akasoma ujumbe, akaachia nywele alizoshika. Nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa, nusu imesimama wima.

"Alama zangu zimetoka," alisema polepole.

Amondi alikuwa muuguzi. Alitaka kusomea shahada ya uzamili ya uuguzi katika chuo kimoja huko Kisumu. Chuo hicho hakikumlazimisha mtu kutuma alama za mtihani wa kujiunga. Aliyetaka angezituma pamoja na maombi yake, asiyetaka angeziacha. Mwisho wa kutuma maombi ulikuwa jioni hiyo.

"Kusoma na kuandika nimepata vizuri sana. Hesabu ni wastani tu," Amondi alisema. "Sijui nitume au niache. Unakumbuka matokeo yangu ya chuo yalivyoanguka, ule mwaka Mama alipougua? Labda alama hizi zitawaonyesha kwamba naweza. Labda hesabu itaniharibia. Wewe unaonaje?"

Adhiambo aliona wazi kwamba alama zile zingemsaidia dada yake. Lakini alikumbuka nyumba yao ilivyokuwa baada ya mazishi ya Mama. Kila jioni Baba alirudi kutoka kazini kwenye reli, akala, akalala bila neno. Amondi peke yake ndiye aliyeongea.

"Usitume," alisema. "Watasema hesabu hujui."

"Kumbe hata wewe unaona hivyo." Amondi aliilaza simu kifudifudi mezani. "Basi niache maombi yote. Kwa matokeo yale ya zamani, nani atanichukua?"

Akaendelea kusuka. Safari hii hakutania. Baada ya muda tone la maji likaanguka kwenye shingo ya Adhiambo, kisha jingine. Adhiambo hakuthubutu kugeuka.

"Dada, nimekudanganya," alinong'ona. "Alama zako ni nzuri. Zitume."

"Sasa ulinidanganya kwa nini?"

Adhiambo akainamisha kichwa. Baba, aliyekuwa akipaka viatu rangi karibu na mlango, aliinua kichwa. "Mjibu dada yako."

"Sitaki aende Kisumu!" Adhiambo akaangua kilio. "Akienda, hapa hakuna atakayeongea."

Amondi alimvuta kifuani. "Ungesema hivyo tangu mwanzo, tungelia pamoja yakaisha. Mtu akikuomba ushauri, mwambie ukweli. Na kama unaogopa, sema unaogopa. Ukiifanya hofu yako kuwa ushauri, mwenzako ataufuata na kupotea."

Kisha akachukua simu, akatuma maombi pamoja na alama zote, hata zile za hesabu.

"Umetuma?" Baba aliuliza. Bado alikuwa akisugua kiatu kile kile.

"Nimetuma, Baba."

Baba aliweka brashi chini. Alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Hata mimi sitaki uende," alisema. "Nimeshindwa kusema siku zote hizi. Nenda, mwanangu. Mimi na Adhiambo tutajifunza kuongea."