Mashine Iliyopiga Hodi

Marikiti asubuhi ya Jumamosi haina adabu. Mtu akikukanyaga, yeye ndiye anayekuuliza kama una macho. Katikati ya msukumano huo Nasiha, buibui lake limetiwa nakshi za zambarau mikononi, alikuwa amembana Kenga, muuza viungo.

"Iliki gani hii, Kenga? Hata panya hawaitaki. Punguza!"

"Dada, kila ukinunua kitu lazima ukitukane kwanza?"

"Nikikisifu utapandisha bei."

Nyuma yake kikapu kilianguka, ndimu zikatawanyika miguuni mwa mahamali. Mwenye kikapu, mwanamume mrefu aliyevaa kanzu ya kahawia na kofia ya vito, hakuinama kuziokota. Alikuwa amemkodolea macho.

"Ndugu yangu, ndimu zako zaenda Makupa hizo," Nasiha akamwambia.

"Sema tena."

"Niseme nini?"

"Chochote."

"Ama wewe si mzima!" Nasiha alicheka, akainama kumsaidia.

Hivyo ndivyo alivyojuana na Khubaib, mwenye kampuni ya Hodi, ile inayounda kompyuta katika chumba cha chini cha nyumba moja ya mtaa wa Ndia Kuu. Mashine zao zilikuwa na kasha la mbao za msaji lililochongwa na mafundi wa milango. Ukiwasha moja ilisema "Hodi!" kwa sauti ya kike, na haikufunguka mpaka umeijibu "Karibu," kwani mgeni mwenye heshima haingii nyumba ya watu kimyakimya. Nasiha alikuwa amesikia sifa za mashine hizo tu, hajapata kuona hata moja ikiwashwa.

Khubaib alipenda kumsimulia mwanzo wa kampuni. "Tulianza na meza ya kulia chakula. Tuliunganisha nyaya huku wali waungua jikoni." Nasiha hakuuliza hao "sisi" ni akina nani. Alidhani ni yeye na nduguze.

Khubaib akamwomba atie sauti katika mashine ya pili, iliyokusudiwa kusema mengi zaidi. Nasiha alikaa kwao mbele ya kinasa sauti alicholetewa, akisema "Tafadhali ngoja" na "Kazi yako imehifadhiwa" mpaka koo likamkauka. Baada ya sala ya Isha simu yake ikawa haikosi kulia.

"Umelala, nyota yangu?"

"Nimelala. Huyu asemaye ni shetani wangu."

"Basi mwambie shetani wako nampenda."

"Asema leta ubani kwanza!"

Siku moja akamwuliza mashine ya kwanza kabisa iko wapi.

"Iko kwa bibi mmoja mtaa wa Kuze. Imezeeka, achana nayo."

Nasiha hakuzaliwa kuachana na vitu. Alasiri moja alichukua sahani ya halua, akauliza njia mpaka akafika.

"Hodi!" aliita mlangoni.

Sauti ya kikongwe ikajibu kutoka ndani, "Karibu, Mahira. Karibu mwanangu, mbona leo mapema?"

Bibi mwenyewe, Bi Mwanaesha, akatokea, leso mabegani, macho yamefifia. Alipomwona mgeni, uso ulimsawijika.

"U nani wewe?"

"Nasiha, bibi. Nimekuja kuitizama mashine."

Bi Mwanaesha akamwongoza ndani, akapapasa kasha na kubonyeza.

"Hodi!" ilisema mashine.

Nasiha nusura aiangushe sahani ya halua. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, na neno hilo hakuwahi kulinasa.

"Karibu mwanangu," bibi aliijibu, akaipangusa vumbi kwa ncha ya leso. "Ni binti yangu Mahira huyu, mke wa Khubaib. Kampuni waliianza wawili. Mwaka wa pili homa ikamchukua. Alasiri hunipigia hodi, nami humkaribisha." Akainua uso. "Nawe wasema kama yeye. Khubaib alikuona wapi?"

"Marikiti," alijibu Nasiha. Sasa alielewa kwa nini ndimu zilianguka. Alihisi uchungu, na aibu pia, kama aliyegundua amevaa nguo za maiti.

Njiani alipiga simu. "Khubaib, siku ile ungenitizama lau ningekuwa bubu?"

"Ngoja nikueleze, nyota yangu."

"Basi kuanzia leo sauti yangu hutaisikia. Ukinitaka, nitake hivyo." Akakata.

Jioni walikuwa wakikutana ufukweni Mama Ngina, Nasiha akija na mdogo wake Lamis, aliyekaa kando akishughulika na mhogo wake. Khubaib alibembeleza, Nasiha akatafuna mhogo. Jioni nyingine alighadhibika, "Wanitesa, mwanamke wewe!" naye akainua mabega. Baadaye Khubaib aliacha kubembeleza, akawa anamsimulia tu: mteja aliyepigiwa hodi na mashine yake katikati ya sala, fundi aliyechonga kasha juu chini. Nasiha aliziba kinywa asicheke. Ndipo Khubaib akamsimulia habari za Mahira, zote, bila kuficha.

Jioni ya mwisho alikuja amechoka, kanzu haikupigwa pasi.

"Nimezifuta sauti zako zote. Mashine mpya itatoka kimya. Wakala wa Nairobi aliyekuwa atuuzie ameikataa, amekwenda zake. Ile ya mama yake Mahira sikuigusa, ni yake. Lakini kuna jambo lanitisha. Tangu unyamaze, nikitaka kumkumbuka Mahira akiniita, waja wewe. Akicheka, ni wewe. Hata 'hodi' yenyewe sasa naisikia kwa kinywa chako. Nimemzika mara ya pili, Nasiha, na safari hii nimemzika mimi."

Nasiha alikuja akitaka kushinda, na sasa aliona ameshinda nini. Akizidi kunyamaza, huenda sauti yake nayo ikasahaulika, na marehemu akamrudia mumewe. Akisema neno moja tu, marehemu hatarudi tena. Alimhurumia mwanamke yule ambaye hawakuwahi kuonana naye. Lakini alimpenda Khubaib, na mapenzi yana choyo.

"Khubaib," alisema, "walete wazee wako kwa baba. Ijumaa, baada ya sala."

Khubaib aliufunika uso kwa viganja akalia, mabega yakimtikisika, watu wakipita na madafu yao. Nasiha alimsogezea leso, akakaa karibu naye mpaka alipomaliza. Hakumwuliza machozi yale yalikuwa ya nani.